Pumzi na Kalamu



Ndugu zangu vijana, huenda umefunga na huku moyo umebeba msiba au hasira, na mdomo hautaki kusema. Basi mpe mkono useme. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, aliugua kifua kikuu mwaka 1938, akawa anachora kitandani. Mwaka 1942 akaipa kazi hii jina: tiba ya sanaa.

Jaribu hivi. Keti na karatasi. Vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe polepole zaidi, huku ukichora mstari mmoja mpaka pumzi iishe. Rudia mara kumi. Unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua. Mistari ya kwanza itatetemeka. Usiifute, si mashindano ya uzuri haya.

Jamani, hii si ibada, wala haishiki nafasi ya swala na dhikri. Na huzuni ikizidi, usingizi ukakukimbia, ukaona maisha hayana maana, usikae nayo peke yako. Mwambie mzazi, nenda hospitali. Si upungufu wa imani, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Wabillahi tawfiq.