Bunduki na Usalama wa Mfugaji: Mafunzo kutoka Karamoja, Turkana na Wajir



Ukimuuliza mfugaji wa Turkana au Pokot kwa nini anabeba bunduki, naye atakuuliza: nikiiweka chini, ng'ombe wangu atalindwa na nani? Ana haki ya kuuliza. Kituo cha polisi kiko mbali, barabara ni mbovu, na wavamizi huja alfajiri. Mada hii haimlaumu. Inataka kujua iwapo watu wa boma lake wanaishi kwa usalama zaidi tangu bunduki ilipoingia.

Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka nchini Uganda, askari waliikimbia kambi ya Moroto, huko Karamoja, na Wamatheniko, tawi la Wakaramojong, wakazoa silaha ghalani. Kwa muda wakawa na nguvu kuliko jirani zao wengi. Jirani hao hawakukaa wakitazama. Nao walitafuta bunduki, wengine kwa kuuza ng'ombe walewale waliotaka kuwalinda. Kila upande ulipokwisha kujihami, mizani ilirudi pale pale, ila sasa shambulio moja liliweza kuua watu wengi kwa dakika chache. Mzee aliyekuwa akibariki au kukataza uvamizi akaona vijana wenye AK-47 hawamsikilizi tena. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu neno la mzee lilikuwa ulinzi wa wasio na silaha.

Wingi wa bunduki haukuzuia mauaji. Tarehe 12 Julai 2005, huko Turbi, Marsabit, nchini Kenya, watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwemo wanafunzi wa shule ya msingi. Marsabit haikuwa na uhaba wa bunduki. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Hao walikuwa na mafunzo na silaha za serikali.

Hata hivyo, asisimame mtu hapa akasema basi bunduki zikusanywe kesho. Uganda ilipoanza kukusanya silaha Karamoja mwishoni mwa 2001, Wabokora, tawi jingine la Wakaramojong, walizisalimisha, lakini jirani zao wakabaki na zao. Ulinzi walioahidiwa haukutosha. Walivamiwa, wakanyang'anywa mifugo, na familia nyingi zikafukarika. Kumpokonya mmoja na kumwachia mwenzake ni kumtoa wa kwanza kafara, na serikali inayofanya hivyo isishangae watu wakificha bunduki safari inayofuata.

Nini basi kimewahi kulinda watu? Mwaka 1973, huko Lokiriama, Turkana, Waturkana na Wamatheniko walizika silaha na kuapa kutovamiana. Miaka sita baadaye Wamatheniko haohao wakapata bunduki za Moroto, lakini kiapo kile, kwa sehemu kubwa, kiliendelea kuheshimiwa, na hadi leo hukumbukwa kila mwaka. Wajir nako, mapigano ya koo yalipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianza kwa kuhakikisha kila mwanamke ananunua na kuuza sokoni bila kujali ukoo wake. Kisha wakawafuata wazee, na mwaka 1993 wazee wakatia saini makubaliano ya amani, Azimio la Al Fatah. Wenye bunduki walikuwa bado nazo. Kilichobadilika ni kwamba mkosaji hakuweza tena kujificha nyuma ya ukoo wake.

Naomba warsha ijadili mambo matatu: ukusanyaji wa silaha ufanyike kwa wakati mmoja pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, polisi wa akiba, yaani wanajamii wanaopewa bunduki na serikali, wachaguliwe na kamati zenye wajumbe wa jamii jirani na bunduki zao zihesabiwe hadharani, na fidia ya mifugo ilipwe ndani ya muda uliokubaliwa, kabla vijana hawajaamua kuifuata mifugo hiyo wenyewe.