TUTEMBEE KANDO YA MTO ZIGI

(Mazungumzo tuliyotoa kwa wanakisomo wa Muheza kabla ya safari yao ya msituni)



Jumamosi hii tutakwenda Zigi, kwenye Msitu wa Amani. Tutatembea kwa miguu kando ya mto, sisi na watoto wetu. Baadhi yenu mmetuuliza: "Mwalimu, sisi tunatembea kila siku. Tunakwenda shambani, tunakwenda kisimani. Kutembea tena msituni kuna faida gani?" Swali hilo ni zuri. Leo tutalijibu.

Tukienda shambani tunawaza jembe. Tukienda kisimani tunawaza ndoo. Jumamosi tutatembea ili tuone na tujifunze.

Safari yenyewe si ngumu. Tutapanda gari hapa Muheza mpaka lango la Zigi. Pale Watanzania hulipa ada ndogo kuliko wageni wa kutoka nje. Kutoka langoni tutatembea kwa mguu pamoja na mwongoza njia. Hatutapanda mlima mpaka Amani juu. Zigi iko chini, kiasi cha mita 450 kutoka usawa wa bahari, na Amani iko kiasi cha mita 900. Sisi tutabaki huku chini. Kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika na kula, ni muda wa saa tatu hivi. Mzee mwenye fimbo ataweza. Mama mwenye mtoto mgongoni ataweza. Mtoto wa miaka sita ataweza pia.

Je, tutaona nini huko?

Tutaona msitu wa zamani sana. Mwaka 1997 Serikali iliufanya kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo katika nchi yetu. Ukubwa wake ni zaidi ya hekta 8,000. Humo mna mimea na wanyama wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Tukinyamaza tunaweza kuona mbega juu ya miti, na kumsikia hondohondo akipiga kelele.

Kuna pia ua moja dogo la rangi ya zambarau. Huota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mkubwa wa serikali ya kikoloni huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo akapeleka mbegu kwao. Leo wajukuu wa ua hilo wanauzwa ndani ya vyungu katika miji ya Ulaya na Marekani. Watu wengi huko wanalo dirishani, wala hawajui kwamba asili yake ni huku kwetu.

Zaidi ya yote, tutaona mto. Maji ya Zigi hutoka kwenye milima hii ya Usambara, hushuka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka hapo hupelekwa kwa watu wa mji wa Tanga. Mama wa Tanga akifungua bomba, anakinga maji ya msitu huu.

Basi msitu unafanya kazi gani? Mvua ikinyesha, matone hugonga majani kwanza, ndipo huanguka chini polepole. Chini kuna majani makavu na mizizi. Hivyo hunyonya maji kama kitambaa, kisha huyaachia kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi. Tukifyeka msitu, mvua hukimbia yote kwa mara moja na kuchukua udongo. Leo mafuriko, kesho ukame. Haya mtayaona kwa macho yenu.

Sasa tuwaambie jambo moja ambalo sisi walimu hatupendi kulisema.

Miaka michache iliyopita tulipeleka darasa jingine kwenye mto mwingine, mbali na hapa. Jua lilikuwa kali. Njiani palikuwa na kibao cha bati, maandishi yamefifia. Mwanakisomo mmoja, bibi wa miaka sitini hivi, alisimama akaanza kusoma: "M-vu-a i-ki-nye-sha m-li-ma-ni, u-si-vu-ke m-to." Sisi tulikuwa mbele. Tukamwita: "Bibi, twende, tunachelewa!" Mvua gani? Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja.

Tulivuka kwa kukanyaga mawe. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Tukala ng'ambo, tukapumzika, kisha tukarudi upande huu. Hatukuhesabu watu.

Mara mto ukabadilika. Maji yalikuwa meupe, yakawa ya rangi ya udongo. Yakaja majani, vijiti, halafu magogo. Mawe tuliyokanyaga yakafunikwa. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani. Yule bibi akauliza: "Mjukuu wangu yuko wapi?"

Mjukuu wake, mtoto wa miaka minane, alikuwa ng'ambo. Alibaki nyuma akitafuta kaa.

Mjomba wake alivua shati aingie majini. Wanaume wanne wakamshika. Mmoja akatupa gogo mtoni. Lilipotea mara moja. Bibi akamwita mtoto kwa sauti kubwa: "Panda juu, ukae kwenye ule mti mkubwa! Usishuke!" Mtoto akatii. Tukangoja. Tulingoja mpaka jua linakaribia kuzama, ndipo maji yakapungua, na watu wawili wakavuka kwa kamba wakambeba. Alikuwa anatetemeka kwa baridi tu.

Yule bibi hakutugombeza. Alisema hivi: "Mwalimu, mimi nilikisoma kile kibao." Hatukuwa na la kujibu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, Jumamosi tutafuata taratibu hizi:

1. Majina ya wote, pamoja na watoto, yataandikwa kwenye daftari. Tutahesabiana tukianza, kila tukipumzika, na kabla ya kurudi.

2. Hatutavuka mto. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakileta majani na vijiti, au mlio wake ukizidi, ondoka ukingoni upande juu. Usingoje kuambiwa.

3. Mwendo wetu ni wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Mwongoza njia atakuwa mbele, mwalimu mmoja atakuwa nyuma kabisa. Kila mtoto awe na mtu mzima wake.

4. Vaa viatu vinavyoshika chini. Kandambili huteleza kwenye mawe na mizizi. Ukiona siafu, ruka uende mbele, usisimame.

5. Beba maji ya kunywa yaliyochemshwa na chakula kidogo. Maji ya mto yanaonekana safi, lakini vijidudu havionekani kwa macho. Takataka zote tutarudi nazo.

6. Usichume ua, usikate mti, usiwashe moto. Usitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo, maana nyoka hupenda kulala humo.

7. Tukikuta kibao, sote tutasimama. Mwanakisomo atakisoma kwa sauti, na mwalimu atasikiliza. Hata akisoma herufi moja moja, tutangoja mpaka amalize.

Tutaondoka saa 1 asubuhi, ili tuwe tumetoka msituni kabla ya mchana kuisha. Kama mvua itanyesha sana usiku wa Ijumaa, tutaahirisha safari. Msitu hauhami, tutakwenda wiki inayofuata.

Mkirudi nyumbani, kila mmoja aandike mistari mitano: ameona nini, amesikia nini, na maji ya mto yalikuwa ya rangi gani. Wasomeeni watoto wenu mliyoandika. Kisha mlete madaftari darasani Jumatatu.

 Tuonane Jumamosi.