Safari ya Ziwa Bila Kutapika

Sisi wa Bunagana ni watu wa milima. Ziwa Kivu tunalikuta tu tukishuka Goma, tupande mashua kwenda Bukavu. Mama mmoja alirudi akaniambia: «Mama muganga, nilikunywa chai bandarini, wakanitia sumu. Nilitapika mpaka Idjwi.» Nikamuuliza: «Na uliposhuka?» «Nilipona.» Basi, haikuwa sumu, na muuzaji wa chai hana kosa. Ni ugonjwa wa mawimbi.

Unatoka wapi? Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo na usawa wa mwili. Sikio linasema: tunayumba. Macho yanaangalia mizigo miguuni, yanasema: tumetulia. Kichwa kinachanganyikiwa, tumbo linageuka.

Sasa tufanye nini?

1. Lala vizuri usiku wa mbele. Kula kidogo, kama uji ao ndizi, saa moja ao mbili kabla ya kupanda. Usipande na njaa, wala usipande umeshiba sombe ya mafuta mengi. Pombe hapana.

2. Kaa katikati ya mashua, maana pale inayumba kidogo. Kaa mbali na moshi wa mashini.

3. Angalia mbali, kwenye milima ya ng'ambo. Usisome, usiangalie telefone. Usiku fumba macho, egemeza kichwa.

4. Dawa inamezwa nusu saa ao saa moja kabla ya safari. Ukishaanza kutapika, umechelewa. Inaleta usingizi. Mwenye mimba, na mwenye mtoto, aulize muganga kwanza.

5. Beba mfuko wa kutapikia. Hii ndiyo kubwa! Watu wakikimbilia upande mmoja ili watapike, mashua inainama. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wengi wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Mashua iliyojaa haitaki watu wasimame. Vaa jile la kuelea, tapika ukiwa umekaa. Si haya.

Ukifika, kunywa maji safi kidogo kidogo. Kutapika kwa ziwa kunaisha ukiwa nchi kavu. Kukiendelea, ao kukija pamoja na kuhara kama maji, usiseme ni mawimbi. Inaweza kuwa kolera. Nenda kituo cha afya saa ile ile, usingoje kesho.

Tumesikilizana? Haya, mwende salama, mrudi salama.