Tuzibe Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya wanajumuiya)



Nimepewa jukumu la kuzungumza juu ya utunzaji wa nyumba zetu, na hasa matengenezo madogo madogo yapasayo kufanywa mapema. Huenda wapo watakaouliza: koki inayovuja na bati lililotoboka vina uhusiano gani na dini? Jibu ni kwamba nyumba ni neema, na kila neema ni amana. Katika Sura An-Nahl Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ni Yeye aliyetujaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Basi mtu aliyepewa utulivu huo, kisha akautazama ukioza mbele ya macho yake, shukrani yake imeishia ulimini.

Ukuta wa mayatima

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Kahf, inatusimulia safari ya Hadhrat Musa a.s. pamoja na mja mwema wa Mwenyezi Mungu. Walifika katika mji ambao wenyeji wake walikataa kuwakaribisha. Humo wakaukuta ukuta uliokaribia kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Hadhrat Musa a.s. alistaajabu kwamba hakutaka ujira. Baadaye akaelezwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa watoto wawili mayatima, na chini yake palikuwa na hazina yao.

Zingatieni mambo mawili. La kwanza, ukuta ulikuwa bado haujaanguka. Mja yule hakungoja uanguke ndipo watu wachangishane. La pili, mali iliyookolewa ilikuwa ya wanyonge. Uzembe wa matengenezo huwaumiza kwanza wale wasio na nguvu: watoto wanaolala chini ya dari inayovuja, na wazee wasioweza kupanda ngazi.

Wala kazi hii si ya kudharauliwa. Hadhrat Aisha r.a. alipoulizwa Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe.

Maji huanza na tundu la msumari

Ndugu zangu, nyumba nyingi haziharibiwi na tufani. Huharibiwa na maji yaingiayo kidogo kidogo. Mpira ulio chini ya msumari wa bati hukauka kwa jua na kupasuka. Tone hupenya na kulowesha mbao za kenchi. Mbao zenye unyevu huoza, na mchwa huzipenda. Kisha dari hufanya madoa, lipu hubanduka, na mwisho paa zima hulegea. Kazi ambayo ingemalizwa kwa msumari mmoja na mpira wake sasa inadai mbao, mabati na ujira wa mafundi wa siku nyingi.

Kadhalika maji yadondokayo kutoka paani huchimba udongo kando ya ukuta mpaka msingi ukabaki wazi. Dawa yake ni kuurudisha udongo, kuushindilia, na kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Lakini tusiyaelekeze uani kwa jirani, kwani Mtukufu Mtume s.a.w. amekataza kudhuru na kudhuriana.

Kuhusu nyufa, si kila ufa ni wa kutisha. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu kwa kawaida ni wa juu juu tu. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ukiona baada ya mwezi mmoja umezivuka alama hizo, au umekata matofali kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, muite fundi. Hapo ndipo wahenga walipotuusia: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Koki nayo isidharauliwe. Ikidondosha tone moja kila sekunde, hayo ni matone 86,400 kwa siku moja. Mwenye shaka aweke ndoo chini yake usiku, asubuhi ajionee. Mara nyingi kilichochakaa ni kipande kidogo cha mpira ndani yake. Sura Al-Isra inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Je, tunadhani onyo hilo ni kwa ajili ya karamu za matajiri tu, wala halizihusu koki za majumbani mwetu na za mahali petu pa kutilia udhu?

Tena maji yaliyotuama chini ya koki na katika mapipa yasiyofunikwa ni mazalio ya mbu. Jiji la Dar es Salaam lilipatwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu waenezao homa hiyo huzaliana katika maji ya namna hiyo hiyo karibu na nyumba za watu.

Moto ni adui

Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtukufu Mtume s.a.w. alipopata habari alisema kuwa moto ni adui yetu, akaagiza tuuzime tunapolala. Leo moto umefichwa ndani ya nyaya. Soketi iliyobadilika rangi kuwa nyeusi, swichi inayotoa cheche, waya uliochunika na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, fyuzi iliyowekewa kipande cha waya: hizi zote ni taa ambazo hazijazimwa. Hapa sisemi mtu ajitengenezee. Zima umeme, acha kuitumia sehemu hiyo, na umuite fundi mwenye leseni.

Kwa nini tunachelewa?

Wengine husema wanamtegemea Mungu. Lakini Mtukufu Mtume s.a.w. alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Wengine hupuuza kauli ya mke. Mama wa nyumba ndiye aonaye tone la kwanza. Akisema mara tatu bila kusikilizwa, hunyamaza, na gharama huanza kukua kimya kimya. Wapo pia wenye nyumba ambao hawachelewi kudai kodi, lakini mpangaji akileta habari ya paa linalovuja humwambia avumilie. Huko ni kuchukua haki na kuacha wajibu.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni nyumba za urithi. Baba amefariki, ndugu ni saba, mama mzee bado anaishi humo. Kila mmoja anajua kuwa bati limetoboka, na kila mmoja anasema, "Nyumba si yangu peke yangu." Mwaka unapita, wa pili unapita, chumba cha mama kinaanguka. Hapo wote saba hukutana kwa haraka kuchanga mara nyingi zaidi ya kile walichokataa kukitoa. Mtukufu Mtume s.a.w. alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wa chini wakataka kulitoboa. Wa juu wakiwaachia, wote huangamia. Nyumba ya urithi ni jahazi hilo. Anayeona tundu akanyamaza, ameshiriki kulizamisha.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwezi tuchague siku moja, tuizunguke nyumba ndani na nje pamoja na watoto, na kila kasoro tuiandike. Pili, tuweke akiba ndogo ya matengenezo isiyoguswa kwa jambo lingine. Tatu, mapaa na mifereji ikaguliwe mwezi Februari, kabla ya masika ya Machi, na tena Septemba kabla ya vuli. Nne, warithi wamteue ndugu mmoja mwaminifu wa kusimamia, na wengine wamchangie bila kusubiri kuombwa. Tano, vijana wetu katika kazi zao za kujitolea waanze na nyumba za wajane na mayatima wa mtaani, bila kuuliza ni wa dini gani. Yule mja mwema hakuwauliza wenyeji wa mji ule chochote.

Mtukufu Mtume s.a.w. amesema kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Msumari mmoja uliopigwa kwa wakati wake ni amali ndogo, lakini chini yake hulala watoto salama.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za amani, na atuwezeshe kuzitunza amana Zake. Amin.