Majina Matano na Barua ya Chifu



Mzee akifariki hapa Bwirege, Kuria, wasifu wake husomwa mazishini na watoto wote hutajwa, wa kike kwa wa kiume. Miezi ikipita, familia huenda kwa chifu kuandikiwa barua ya mirathi. Mara nyingi, humo mabinti hawamo. Ukiuliza, unaambiwa wameolewa. Ambaye hajaolewa, eti ataolewa.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kina kesi ya namna hii. Selofehadi alifia jangwani bila mwana wa kiume. Binti zake, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote kudai urithi. Musa akalipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Biblia, ambayo hupita vizazi vizima bila kumtaja mwanamke, huwataja hawa watano kwa majina mara nne.

Kwetu, nyumba isiyo na mwana wa kiume hutafutiwa nyumba ntobu: mama anatoa ng'ombe, anaoa msichana amzalie mrithi. Na ng'ombe hao huenda ni mahari ya binti zake mwenyewe! Binti kaleta ng'ombe, ng'ombe wameleta mrithi, mrithi kachukua shamba.

Lakini tusimpambe Musa kupita kiasi. Wale watano walipata kwa sababu hawakuwa na kaka. Tena katika sura ya 36 wazee wa ukoo walirudi kulalamika, na mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, ardhi isihame. Hofu ya shamba kwenda kwa wakwe haikuzaliwa Kuria.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, imekwenda mbele zaidi: pasipo wosia, mtoto ni mtoto. Katika kesi ya urithi ya familia ya Rono, Mahakama Kuu iliwapa wana ekari 30 kila mmoja, mabinti ekari 5. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikaupangua mgao huo, watoto wote wakapata sawa.

Kanisa Katoliki nalo lilisema mwaka 1965, katika hati yake Gaudium et Spes, kwamba ubaguzi wa jinsia unapingana na mpango wa Mungu. Hata hivyo, Hesabu 27 haimo katika masomo ya Misa za Jumapili. Muumini wa Jimbo la Homa Bay anaweza kuzeeka kanisani asiwasikie wale watano. Lakini ushahidi upo kanisani: daftari la ubatizo la parokia lina majina ya mabinti na ya baba zao. Jumuiya ndogondogo zinazochangia mazishi zingeuliza tu: barua ya chifu imeandika watoto wangapi?

Nanyi akina kaka, hati ya usimamizi wa mirathi iliyopatikana kwa kuficha jina la dada yenu, mahakama inaweza kuifuta wakati wowote, hata baada ya shamba kugawanywa.