MIZANI YA JUMAPILI

Hotuba iliyosomwa Roret, Kaunti ya Kericho, mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali



Twawashukuru kwa kutualika. Mmetuita kwa kuwa sisi ni mawakili, nanyi mwataka kusikia sheria inasema nini juu ya kanisa, siasa, na vijana hawa wanaoandika na kupiga picha kwa simu zao. Sheria tutaisema. Lakini kabla ya sheria hatuna budi kusema habari ya mizani.

Hapana hata mmoja hapa asiyekijua kituo cha kuuzia majani chai. Mama ameamka alfajiri, amechuma mpaka mgongo umemlemea, amebeba mzigo wake hadi kituoni. Afikapo mbele ya karani hufanya nini kwanza? Hutazama mizani. Karani aweza kuwa mtoto wa dada yake. Aweza kuwa mzee wa kanisa lake. Hata hivyo jicho la mama haliondoki kwenye mizani mpaka kilo zimeandikwa. Wala hakuna amwambiaye kwamba kwa kutazama mizani amemvunjia karani heshima.

Jumapili mama huyo huyo huketi kanisani. Magari yanaingia na vumbi, ibada inasimama, mheshimiwa anaongozwa hadi kiti cha mbele, anapewa kipaza sauti, anatoa bunda la noti, watu wanapiga makofi. Hapo hapana atazamaye mizani. Hapana aulizaye: fedha hizi zimetoka wapi, nazo zimenunua nini? Na kijana akiinua simu apige picha ya bunda lile, huambiwa kwamba hana adabu, kwamba ametumwa, kwamba ni adui wa jamii. Swali aliloulizwa karani kwa miaka yote limekuwa dhambi likiulizwa madhabahuni. Huo ndio unafiki tuliokuja kuuzungumzia.

Maneno na Matendo

Tuanze na yaliyo wazi kwa kila mtu. Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Mswada wa Fedha. Waliusoma, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo yapata 60 katika maandamano ya mwaka huo. Vijana hao hao ndio waliotaka wanasiasa waondoke kwenye mimbari, wakisema kwamba nyumba ya Mungu imegeuzwa jukwaa la kampeni.

Tarehe 5 Julai 2024 Rais akatangaza kwamba tangu siku ile hakuna afisa wa serikali atakayeshiriki harambee. Tukasema, amesikia. Basi hesabuni miezi. Tarehe 14 Novemba maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa taarifa kali juu ya kodi, utekaji nyara wa raia na uongo serikalini. Tarehe 17 Novemba, siku tatu tu baadaye, Rais alikuwa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na 600,000 za kwaya na watoto, na kuahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Siku ya pili yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zile zirudishwe. Na tarehe 2 Machi 2025, katika kanisa la Jesus Winner, Roysambu, iliahidiwa milioni 20. Jumapili iliyofuata vijana walikwenda huko kuuliza swali la mizani, wakajibiwa kwa vitoa machozi.

Wapo watakaotuambia kwamba kiongozi naye ni muumini, na muumini ana haki ya kutoa. Ni kweli. Hatumzuii mtu yeyote kutoa sadaka. Lakini Bwana wetu alifundisha kwamba mwenye kutoa asipige panda njiani, na kwamba mkono wa kushoto usijue lifanywalo na wa kulia. Kama ni sadaka, itiwe kapuni pamoja na shilingi ishirini ya mjane, bila kipaza sauti. Ikidai kipaza sauti imekwisha kuwa malipo ya kitu fulani, na kitu chenyewe ni ulimi wa mchungaji. Atakayejengewa nyumba leo, kesho atawezaje kukemea?

Na uchungu wa jambo hili twaujua sisi wa nchi ya majani chai. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana kwa sababu ya bonasi iliyokuwa ndogo mno kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Mtu aliyepunjwa bonasi hufurahia paa la kanisa kama zawadi kutoka mbinguni. Laiti angelipwa haki yake, angaliliezeka kanisa lake mwenyewe!

Mahali pa Ibada pa Mfalme

Katika kitabu cha Amosi yumo kuhani mmoja aitwaye Amazia. Nabii alipofika Betheli kusema juu ya wenye nguvu waliowaonea maskini, Amazia hakumwambia kwamba maneno yake ni uongo. Alimwambia aondoke, akatabirie kwingine, kwa kuwa mahali pale ni patakatifu pa mfalme. Tafakarini jibu hilo. Kuhani alikuwa amekwisha kusahau kwamba hekalu ni la Mungu.

Je, makanisa yetu hapa Roret, Litein, Kapkatet na Sotik ni ya nani? Twauliza hapa kwa makusudi, maana hapa swali ni gumu kuliko Nairobi. Rais wa pili wa nchi hii alitoka katika jamii yetu ya Wakalenjin, na wa tano pia. Kwa hiyo mtu wa huku akiuliza neno huitwa msaliti, naye mchungaji akikemea huambiwa anawafungulia maadui mlango. Sisi wenyewe tumeitwa hivyo, tena na watu tunaokula nao meza moja.

Lakini mnamkumbuka Askofu Alexander Muge wa Eldoret? Alikuwa wetu. Katika zama za chama kimoja, wakati wengi walinyamaza, yeye alisema juu ya unyakuzi wa ardhi na njaa ya Pokot. Agosti 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, alimwonya asikanyage Busia, kwamba huenda asitoke hai. Muge alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti, njiani kurudi, akafa katika ajali ya barabarani. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, kifungu cha 2A kiliondolewa na vyama vingi vikarudi. Je, Muge alikuwa msaliti wa jamii? Au ndiye aliyetuachia heshima, hata leo tuweze kusema kwamba mtu wa kwetu naye aliinuka?

Wala kanisa halikusema kwa mimbari tu. Beyond lilikuwa gazeti la Baraza la Makanisa. Mwaka 1988 lilichapa habari za wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo, likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa kisingizio cha taarifa za mauzo ambazo hazikuwasilishwa. Karatasi za namna hiyo zilipitishwa kwa siri, mkono kwa mkono. Basi wazee wetu mnaowalaumu vijana kwa simu zao, kumbukeni mlichokificha nyinyi ndani ya koti. Simu ni mtoto wa karatasi ile.

Palipo na Kimya

Ukweli ukifungiwa mlango kanisani hutafuta dirisha. Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza filamu juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walisema kwamba walidhulumiwa kimwili na wasimamizi wao ili wapate au wasipoteze kazi. Dunia ilishtuka. Je, sisi tulishtuka? Wanawake wale walikuwa wakiabudu Jumapili pamoja nasi. Walikuwa wakiimba kwaya. Ni mimbari ngapi katika kaunti hii zilikuwa zimelitaja jambo lile kabla ya kamera iliyofichwa kulitaja? Kila mmoja na ajijibu moyoni mwake. Sisi mawakili tumekwisha kujijibu, na jibu letu halitupi fahari.

Nao wasemao hulipa gharama. Tarehe 7 Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay kwa maneno yaliyowekwa mtandaoni juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na siku ya pili yake alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa kwamba alijigonga ukutani. Madaktari walioupasua mwili walikataa maelezo hayo. Watu sita, wakiwemo polisi, walishtakiwa kwa mauaji mwezi huo huo. Twauliza: kama kijana yule angekuwa wa kanisa lenu, mngempigia kengele?

Simu Nayo Ina Dhambi Zake

Ndugu vijana, msishangilie bado. Tungekuwa wanafiki sisi wenyewe kama tungewasifu bila kuwaonya.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 simu zilibeba mambo mawili. Zilibeba chuki: ujumbe wa kuwataja majirani kwa kabila, wa kuwaita magugu, na wafanyakazi wa jamii nyingine wakafukuzwa katika mashamba haya haya ya chai ya Kericho. Tena Januari 2008 zilibeba ushahidi: Wakenya wachache, akiwemo Juliana Rotich, walianzisha Ushahidi, mahali ambapo raia angetuma ujumbe juu ya alichokiona na kikaonyeshwa kwenye ramani. Chombo kilikuwa kimoja. Mioyo ndiyo iliyotofautiana. Na Februari 2008 Baraza la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Tangu hapo hatujasikia maungamo mengi ya namna hiyo, wala kutoka makanisani wala kutoka kwa wenye simu.

Kijana anayesambaza picha ya uongo ya mbunge asiyempenda hana tofauti na mchungaji anayembariki mbunge aliyemlipa. Wote wawili wameichezea mizani.

Sheria Yasemaje?

Katiba ya 2010, Ibara ya 8, yasema kwamba Kenya haina dini ya serikali. Ibara ya 33 yampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini yaondoa humo uchochezi wa vita na fujo na matamshi ya chuki, na yamtaka msemaji aheshimu haki na sifa za wengine. Aprili 2016, katika kesi ya Andare, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumiwa kuwashtaki watu kwa walichoandika mtandaoni. Februari 2017 ikafuta kosa la jinai la kashfa. Hata hivyo aliyekashifiwa bado aweza kudai fidia, kwa hiyo msiandike msichoweza kukithibitisha. Na Ibara ya 49 yasema kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zitaisha wakati imefungwa. Mkariri mtoto wenu ibara hiyo kama anavyokariri Sala ya Bwana.

Tuazimie Nini?

Hatupendi kuwaacha na maneno matupu. Twapendekeza mambo manne, nanyi mwaweza kuyaanza Jumapili ijayo.

Kwanza, kila kanisa liandike mchango wowote wa mwanasiasa, kiasi na jina, na kuubandika mlangoni palipo macho ya wote. Asiyetaka kuandikwa arudi na fedha zake.

Pili, mwanasiasa aketi pamoja na waumini wengine, na kipaza sauti kibaki kwa mhubiri. Kanisa la Anglikana liliagiza hivyo Septemba 2021 kwa kinywa cha Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit; agizo hilo lifuatwe, wala lisiwe la kutangazwa tu.

Tatu, kijana akikamatwa kwa alichoandika, mchungaji wake awe wa kwanza kufika kituoni, hata kama hakupendezwa na maandishi yale. Sisi mawakili tuiteni. Wale miongoni mwetu walio karibu tutakuja bila malipo.

Nne, mwenye simu ajiulize maswali matatu kabla ya kusambaza: Nimeona mwenyewe, au nimesikia? Naweza kulisema mbele ya hakimu? Nitamwumiza mnyonge?

Twajua kwamba baadhi yenu mtarudi nyumbani mkiambiwa mmekaa na wasaliti. Msigombane na mtu. Mwulizeni tu kama yeye hupeleka majani kituoni akiwa amefumba macho. Asipofumba, mwambieni kwamba nanyi mmeamua kutofumba.

Mungu ailinde Kenya, na aitie nguvu mioyo ya wasemao kweli.