Chombo cha Shimoni: Hofu, Urithi na London ya 1958



Nimeombwa nizungumzie fasihi ya kubuni ya kisayansi. Katika uwanja huo mpana nimechagua kitu kimoja tu: chombo kilichotoka sayari nyingine, kikafukiwa ardhini, na kila anayekikaribia huanza kumshuku mwenzake, kisha hutaka kumuua. Hadithi za namna hii si chache. Vijana mliomo humu mnaijua Dead Space, mchezo wa kompyuta uliotoka 2008, ambamo jiwe la ajabu lililochongwa huwatia watu wazimu hadi wakauana. Mimi nitarudi nyuma miaka 50 kabla ya mchezo huo, kwenye tamthilia ya televisheni ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyolifikiria jambo hili kwa kina zaidi: Quatermass and the Pit. Iliandikwa na Nigel Kneale, ikaongozwa na Rudolph Cartier, na BBC wakairusha kwa sehemu sita, kuanzia 22 Desemba 1958 hadi 26 Januari 1959. Sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu wapatao milioni 11.

Niseme mapema ninakoelekea. Tamthilia hii inaonyesha kwa usahihi wa kutisha jinsi hofu inavyotoka kwa mtu mmoja ikamwingia mwingine. Inapofika kueleza hofu hiyo imetoka wapi, inapotea njia, na upotevu huo unatugusa sisi wa upande huu wa dunia.

Hadithi yenyewe inaanzia Knightsbridge, London, ambako vibarua wanaochimba msingi wa jengo jipya wanaibua mafuvu. Daktari Matthew Roney, mtaalamu wa mabaki ya kale, anafika na timu yake na kuyakadiria kuwa ni ya zamadamu walioishi miaka milioni 5 iliyopita. Wakiendelea kuchimbua, wanagonga kitu kigumu, laini, kisicho na mshono. London ya miaka ile ilikuwa bado inafukua mabomu ya Wajerumani ambayo hayakulipuka, kwa hiyo jeshi linaitwa. Anakuja Kanali Breen, na pamoja naye Profesa Quatermass, mkuu wa kikundi cha utafiti wa roketi. Keekee haiachi hata mkwaruzo kwenye chombo hicho. Ndani yake, nyuma ya ukuta, wamo viumbe waliokufa: mfano wa nzige wakubwa, wenye miguu mitatu na pembe, ambao wanaanza kuoza mara hewa inapowafikia.

Quatermass na Roney wanaunganisha mambo. Sayari ya Mirihi ilikuwa inakufa. Wakazi wake hawakuweza kuhamia duniani wao wenyewe, wakachukua manyani wa dunia, wakawabadili akili, wakawarudisha wakiwa wamebeba sehemu ya silika za Mirihi. Mojawapo ya silika hizo ilikuwa desturi ya kusafisha kundi: kila baada ya muda, walio tofauti waliuawa. Umeme unapoingizwa shimoni kile chombo kinapata nguvu, na Waingereza waliorithi silika ile wanaanza kuwasaka wasioirithi.

Kuna tukio moja ambalo nawaomba mlitazame kwa makini mtakapopata nafasi. Sladden, yule fundi wa keekee, amerudi peke yake shimoni kukusanya vifaa vyake. Siku ya kazi imekwisha, amechoka, anataka kwenda nyumbani. Vifaa vinaanza kutikisika, kisha vinaruka hewani. Anatoka mbio hadi barabarani, mwili umepinda, miguu inarusharusha kwa mwendo usio wa binadamu, na kila anapopita vitu vinamrukia. Anaangukia katika uwanja wa kanisa. Amelala kifudifudi, na kokoto zilizo chini yake zinapanda na kushuka kama mawimbi. Kwa vifaa vya wakati ule, katika kipindi ambacho sehemu kubwa yake ilirushwa moja kwa moja kutoka studio za Riverside kule Hammersmith, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Sauti zilizosikika zilitengenezwa na karakana mpya ya sauti za elektroniki ambayo BBC waliianzisha mwaka huohuo wa 1958. Ila kinachonishika mimi ni uteuzi wa mtu. Kneale hakumchagua mwovu wala mjinga. Alichagua fundi hodari, mcheshi, asiye na chuki na yeyote. Kwa mtu kama huyo ndipo alipopitisha kitu chake kwanza.

Sasa tutoke studio twende mtaani, maana studio zile za Hammersmith hazikuwa mbali na Notting Hill. Miezi minne kabla ya sehemu ya kwanza kurushwa, kuanzia mwisho wa Agosti 1958 hadi siku za kwanza za Septemba, makundi ya vijana Weupe yaliwavamia watu waliotoka Karibiani, majumbani mwao na barabarani. Wengine Weusi walijikusanya kujilinda. Watu zaidi ya 100 walifikishwa mahakamani. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 24 Agosti, vijana tisa walikuwa wamejipakia kwenye gari wakiwa na nondo na vipande vya mbao, wakazunguka London magharibi usiku wakimpiga kila mtu Mweusi waliyemkuta peke yake. Wenyewe waliita safari ile mawindo. Mwezi Septemba Jaji Salmon alimfunga kila mmoja wao miaka minne. Na sehemu ya tano ya tamthilia ya Kneale, ile ambayo mji unaanza kuchafuka, inaitwa The Wild Hunt, yaani mawindo ya mwituni.

Kneale alikuwa na mivutano ya rangi ya miaka ile akilini alipoandika. Naye Cartier, aliyeyatafsiri maandishi yake kwa picha, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Vienna, akafanya kazi ya filamu Berlin, akaikimbia Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka. Mama yake aliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Mtu huyu hakuhitaji kusimuliwa kuhusu kusafisha kundi. Ninapotazama zile picha za umati katika sehemu ya mwisho, watu wakitembea kwa hatua moja, nyuso zao hazina hasira wala furaha, naona kumbukumbu ya mtu aliyewahi kuona.

Kanali Breen naye anastahili kuangaliwa. Tangu siku ya kwanza ana jibu lake: hiki ni chombo cha propaganda cha Wanazi, kilichotengenezwa kuwatia Walondon hofu, na wale nzige ni wa bandia. Kila ushahidi mpya anaukunja hadi uingie ndani ya jibu hilo. Wizara inamsikiliza kwa sababu jibu lake linawaruhusu wakubwa walale. Nyaraka za polisi zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2002 zinaonyesha kuwa baada ya machafuko ya Notting Hill, Waziri wa Mambo ya Ndani aliarifiwa kwamba ule ulikuwa uhuni tu wa vijana, wala haukuwa na uhusiano na rangi, ingawa askari waliokuwa mtaani walikuwa wameandika walichokisikia umati ukikipigia kelele. Kneale hakuweza kuziona nyaraka hizo. Alimjua tu Breen, na Breen hupatikana katika kila ofisi yenye jambo la kufunika.

Hapo ndipo penye nguvu ya kazi hii. Nguvu kubwa kuliko zote inakuja karibu na mwisho, pale Quatermass mwenyewe anapopatwa. Profesa, shujaa wetu, mtu tuliyemwamini kwa sehemu tano, anamgeukia rafiki yake Roney akitaka kumuua. Roney ni mmoja wa wachache wasio na ule urithi, hasikii kitu chochote. Baadaye, akili zikimrudia, Quatermass anakiri kwamba alitaka kumuua kwa sababu alihisi kuwa Roney ni tofauti. Hakuwa na kisa naye. Hakuwa amedhulumiwa. Mwandishi mwepesi angemwacha shujaa safi ili tupate pa kujificha. Kneale alitunyang'anya maficho hayo, na kwa hilo namheshimu sana.

Lakini hebu tuulize: kwa mujibu wa hadithi hii, chuki imetoka wapi? Imetoka Mirihi, ikapandikizwa katika akili ya zamadamu miaka milioni 5 iliyopita, nasi tunazaliwa nayo. Wazo hili halikuwa la Kneale peke yake, lilikuwa hewani. Raymond Dart, aliyelitambulisha fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1925 huko Afrika Kusini, aliandika mwaka 1953 kwamba mababu zetu waliachana na nyani kwa kuwa wauaji, wenye kupasua vichwa vya wanyama na vya wenzao kwa mifupa. Robert Ardrey, mwandishi wa Marekani, alilieneza wazo hilo mwaka 1961 katika kitabu African Genesis. Angalieni lilivyopangwa: asili ya mauaji ni damu, na damu hiyo ni ya Afrika.

Aliyelibomoa wazo hilo ni mtafiti C. K. Brain, kwa subira ya miaka mingi katika pango la Swartkrans, si mbali na Johannesburg. Kulikuwa na kipande cha fuvu la zamadamu mdogo chenye matundu mawili. Dart na wafuasi wake wangesema ni pigo la silaha. Brain alichukua taya la chui aliyepatikana katika pango hilohilo, akaweka meno yake ya chini juu ya matundu. Yaliingia. Mtoto yule aliliwa. Mwaka 1981 Brain alichapisha kitabu chake kizima juu ya mifupa hiyo, na picha iliyobaki ni ya viumbe wadogo waliokuwa wakiwindwa.

Sisi tuna ushahidi wetu hapa nyumbani. Tarehe 17 Julai 1959, haikutimia hata miezi sita tangu sehemu ya mwisho ya tamthilia, mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa akitembea peke yake Olduvai, mumewe Louis amelala kambini anaumwa, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Limehifadhiwa hapa Dar es Salaam. Magego yake ni makubwa mno, na utafiti wa meno hayo umeonyesha kuwa chakula chake kikuu kilikuwa nyasi na ndago. Natamani kila mwanafunzi wa fasihi atakayesoma habari za nyani muuaji aende kwanza Makumbusho ya Taifa asimame mbele ya meno yale.

Kwa hiyo Notting Hill ilihitaji maelezo mengine, na yalikuwapo, yote ya karibu. Vita vilikuwa vimebomoa nyumba, na vyumba vya kupanga vilikuwa haba. Wenye nyumba wengi walikataa wapangaji Weusi. Waliowakubali, kama Peter Rachman, waliwatoza kodi ya kuumiza. Wafuasi wa Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, waligawa vipeperushi mitaani, na mwaka 1959 Mosley mwenyewe akagombea ubunge katika jimbo lilelile la Kensington North, akashindwa vibaya. Tarehe 17 Mei 1959 Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu na vijana Weupe akiwa anarudi nyumbani usiku. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mambo haya yana majina, anwani na tarehe. Tukiyaita laana ya kale tunawapa wenye nyumba, wenye vipeperushi na wenye visu mlango wa kutokea. Na katika hadithi ya Kneale, wahusika wakuu wanaolijadili tatizo hili ni Weupe watupu. Wale waliopigwa hawakupewa nafasi ya kueleza wanachojua.

Toleo la sinema la mwaka 1967 linaishia kwenye vifusi, Quatermass amekaa kimya. La televisheni linaishia kwa hotuba: Quatermass yuko studio, anatutazama usoni, anatuonya kuhusu kilichomo ndani yetu. Wakosoaji wengi hupendelea ule ukimya. Mimi napendelea hotuba, pamoja na kosa lake la urithi, kwa kuwa mwandishi alikubali kusimama na kusema na nchi yake usiku ule, wakati madirisha ya Notting Hill yalikuwa yamevunjwa miezi mitano tu nyuma.

Siku nne baada ya hotuba ile, tarehe 30 Januari 1959, katika ukumbi wa St Pancras, Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad na mhariri wa gazeti la West Indian Gazette, aliandaa sherehe ya karnivali ya Kikaribiani kwa ajili ya watu waliokuwa wameshambuliwa. BBC ileile ilirusha picha zake. Katika kijitabu kilichouzwa mlangoni iliandikwa kwamba sehemu ya mapato yake ingesaidia kulipa faini za vijana waliohusika katika matukio ya Notting Hill, Weusi na Weupe.